Kuvuta Mitambo kwa Pikapu kati ya Jinja na Mbale: Biashara Inayopaswa Kupimwa kwa Breki

Mashariki mwa Uganda, mashine ya kazi haikai mahali pamoja mwaka mzima. Mashine ya kupukuchua mahindi inayofanya kazi Iganga wiki hii huhitajika Kaliro au Kamuli wiki inayofuata. Mashine ya kuchanganya zege ikimaliza kumwaga slabu mjini Jinja hungojwa na mjenzi mwingine mjini Mbale. Nayo mashine za kupura mpunga hufuata mavuno katika mashamba ya bondeni, yakiwemo yale ya mradi wa umwagiliaji wa Doho wilayani Butaleja. Kwa kuwa wenye mashine wengi hawana lori, na kwa kuwa kukodi lori kwa mzigo wa tani moja ni gharama isiyolingana na kazi yenyewe, sehemu ya usafirishaji huo hufanywa na wenye pikapu, ambao hufunga tela nyuma ya gari na kuingia barabarani. Biashara hiyo ina manufaa makubwa kwa uchumi wa eneo, lakini imejengwa juu ya kipimo kisicho sahihi: bei hupatanwa kwa kuuliza iwapo gari litaweza kuvuta, ilhali swali linaloamua faida ya mwenye gari na uhai wa watu ni iwapo litaweza kusimama.

Miji miwili, soko moja

Jinja na Mbale zilipewa hadhi ya jiji siku moja, tarehe 1 Julai 2020, na kila moja huzalisha mahitaji ya mitambo kwa namna yake. Jinja ni mji wa viwanda uliokua sambamba na bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale na lilifunguliwa mwaka 1954, na jirani yake upande wa mashariki ni Kakira, penye kiwanda kikubwa cha sukari kinachozungukwa na mashamba ya miwa. Mji huo pia una uwanja wa maonyesho ya kilimo, ambako Shirikisho la Taifa la Wakulima wa Uganda huandaa maonyesho yanayowakutanisha wakulima na wauzaji wa matrekta, majembe ya diski, pampu na mashine za nafaka. Mbale, iliyo chini ya Mlima Elgon, ni lango la mashamba ya kahawa ya Bugisu na ya mahindi, ngano na shayiri ya Sebei, na tangu mwaka 2018 eneo la viwanda lililojengwa na wawekezaji kutoka China limeongeza haja ya jenereta, kompresa na vifaa vya ujenzi.

Barabara inayounganisha miji hiyo hupitia Iganga, Namutumba, Tirinyi na Budaka, na tabia yake hubadilika njiani. Kati ya Jinja na Iganga ni sehemu ya njia kuu ya mizigo itokayo Mombasa kupitia Malaba, kwa hiyo pikapu yenye tela hujikuta kati ya malori marefu, matrekta ya miwa, mabasi na bodaboda. Baada ya kuiacha njia hiyo karibu na Iganga, barabara hunyooka na kukatiza mabonde ya mpunga ya mto Mpologoma, mahali ambapo unyoofu wenyewe humshawishi dereva kuongeza mwendo. Kutoka Mbale kwenda Kapchorwa, hali hugeuka tena, kwa sababu njia hupanda kutoka uwanda wenye urefu wa takriban mita 1,150 kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,800.

Hesabu ya uzito

Mashine zinazovutwa ni za aina mbili, na kila aina ina matatizo yake. Aina ya kwanza ni mashine yenye magurudumu yake, kama vile kipukuchuzi cha mahindi kilichofungwa juu ya ekseli ya gari kuukuu, yaani ule mhimili unaoshika magurudumu mawili. Aina ya pili ni mashine inayopakiwa juu ya tela bapa, kama jenereta au trekta dogo. Matela mengi ya aina zote mbili huundwa na mafundi wa jua kali kwa chuma cha pembe, ekseli na springi zilizotolewa katika magari yaliyokufa, na kazi yao huwa imara kwa macho; kinachokosekana mara nyingi ni breki za tela na kibao kinachoonyesha uzito wa tela likiwa tupu na uzito wa juu linaoweza kubeba.

Upande wa gari, mtengenezaji huweka viwango vitatu ambavyo havipaswi kuchanganywa. Cha kwanza ni uzito wa juu wa pikapu yenyewe pamoja na watu, mafuta na mzigo ulio nyuma. Cha pili ni uzito wa juu wa tela linaloweza kuvutwa, ambao hutajwa mara mbili, kwa tela lenye breki na kwa tela lisilo nazo. Cha tatu, ambacho wengi hawakitazami kabisa, ni uzito wa juu wa gari na tela vikijumlishwa. Pikapu za kisasa za Toyota Hilux na Isuzu D-Max, katika matoleo yenye injini kubwa, hutajwa katika masoko mengi kuwa zinaweza kuvuta kilo 3,500, lakini sifa hiyo ni ya tela lenye breki zake. Kwa tela lisilo na breki kiwango hushuka hadi kilo 750 tu. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba watengenezaji wenyewe hawakukadiria uwezo kwa nguvu ya injini pekee, bali kwa uwezo wa kulizuia tela lisilisukume gari.

Mfano mmoja wa hesabu unatosha kuonyesha jinsi kiwango kinavyopungua. Tuseme pikapu ina uzito wa juu wa kilo 3,100, na uzito wake wa juu pamoja na tela ni takriban kilo 5,950, viwango vilivyo karibu na vile vya matoleo kadhaa ya D-Max. Iwapo pikapu hiyo imejaa watu, vifaa na mapipa ya mafuta hadi kilo zake 3,100, kinachobaki kwa tela si kilo 3,500 tena bali 2,850. Tela lenyewe likiwa na kilo 700, mashine inayoweza kupakiwa haipaswi kuzidi kilo 2,150. Trekta kama Massey Ferguson 135, lenye takriban tani moja na nusu, litaingia katika hesabu hiyo. Trekta la nguvu farasi 75, ambalo kwa kawaida huzidi tani mbili na nusu, halitaingia, ingawa injini itaweza kulivuta kwenye barabara tambarare bila kulalamika. Mtambo kama beko ya kuchimbia mitaro, ambayo hufikia tani nane, hauhusiani kabisa na pikapu na hupaswa kupakiwa kwenye lori la kubebea mitambo.

Mizani, shingo na minyororo

Uzito ukishajulikana, suala linalofuata ni mahali unapokaa. Shingo ya tela, yaani sehemu ya mbele inayoungana na gari, inatakiwa kuikandamiza pikapu kwa takriban asilimia 10 ya uzito wote wa tela. Mashine ikiwekwa nyuma mno, shingo huwa nyepesi na tela huanza kuyumba kushoto na kulia mwendo unapoongezeka, na myumbo huo ukishakua dereva hawezi kuurekebisha kwa usukani. Ikiwekwa mbele mno, nyuma ya pikapu hulala, magurudumu ya mbele hupoteza mshiko wa barabara, na taa huelekea juu na kuwapofusha wanaokuja. Kwa hiyo fundi mwangalifu husogeza mashine juu ya tela hatua kwa hatua hadi sehemu kubwa kidogo ya uzito iwe mbele ya ekseli, kisha hutazama kama pikapu imesimama sawa kabla ya kufunga chochote.

Kiungo chenyewe hustahili kukaguliwa kwa mkono. Tufe la chuma na kikombe kinacholifunika lazima viwe vya kipimo kimoja, kwa sababu kikombe kikubwa juu ya tufe dogo hukaa vizuri gari likiwa limesimama na huchomoka gurudumu linapoingia shimoni. Pini ya kufungia lazima iwe na kizuizi chake halisi, si kipande cha waya au msumari uliopindwa. Chini ya shingo hupitishwa minyororo miwili ya usalama kwa kukingamana, ili kiungo kikikatika shingo iangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Mashine iliyo juu ya tela hufungwa kwa minyororo au mikanda yenye vikazio kutoka pembe nne, wala si kwa kamba za katani au mipira ya bodaboda. Nchini Marekani, kanuni zinataka uwezo wa vifungio vyote vikijumlishwa usipungue nusu ya uzito wa mzigo, na mashine yenye pauni 10,000 au zaidi, yaani karibu kilo 4,536, ifungwe angalau sehemu nne. Hicho ni kipimo ambacho mwenye tela wa Jinja anaweza kukifuata bila kusubiri alazimishwe.

Mwendo na mteremko

Nguvu ambayo breki hulazimika kuimeza haikui sawa na mwendo, bali hukua kwa mraba wake. Gari na tela vinavyokwenda kilomita 80 kwa saa vina nguvu ya mwendo inayozidi mara mbili na nusu ile vilivyokuwa nayo kwa kilomita 50, hata kama mzigo ni uleule. Hiyo ndiyo sababu mzigo uliovutwa salama kupita mitaa ya Iganga unaweza kuwa hatari katika sehemu iliyonyooka ya barabara ya Tirinyi.

Katika miteremko ya Elgon tatizo huwa joto. Matela mengi madogo yenye breki hutumia breki za msukumo, ambazo hubana tela linapolisukuma gari. Katika mteremko mrefu kama ule wa kutoka Sipi, tela husukuma muda wote, breki hubana muda wote, na hatimaye hupata moto na kulegea. Dereva anatakiwa kuingiza gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, kuiacha injini izuie mwendo, kukanyaga breki kwa vipindi, na kusimama mahali palipo wazi breki zipoe zinapoanza kutoa harufu.

Sheria na bima

Sheria ya Usafiri na Usalama Barabarani ya Uganda, ya mwaka 1998, huyataja pamoja gari, tela na mtambo wa kihandisi katika masharti ya usajili na ya ubora wa chombo, kwa hiyo fikra kwamba tela ni kifaa tu cha ziada cha pikapu haina msingi. Leseni ya daraja B ni ya magari madogo, na magari yanayovuta tela yana daraja lake. Dereva anayefanya kazi ya kuvuta mitambo ana wajibu wa kuhakikisha kwa mamlaka ya leseni kwamba daraja lake linaruhusu uzito anaouvuta. Aidha, Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2013 inahusu magari ya kuanzia kilo 3,500, kiwango ambacho pikapu na tela vikijumlishwa hukivuka kwa urahisi, na njiani ipo mizani ya Magamaga kati ya Jinja na Iganga. Usimamizi wa barabara kuu, uliokuwa chini ya Mamlaka ya Taifa ya Barabara (UNRA), ulirudishwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi mamlaka hiyo ilipovunjwa.

Upande wa bima ndio usioeleweka vizuri. Bima ya lazima, inayotokana na sheria ya mwaka 1989 ya bima dhidi ya madhara kwa watu wengine, huwalinda wanaojeruhiwa au kufa kwa sababu ya gari. Hailipii mashine iliyopinduka, wala pikapu yenyewe. Mwenye kipukuchuzi anayekikabidhi kwa dereva bila bima ya mizigo safarini amebeba hasara yote peke yake, na hasara hiyo ikimkuta katikati ya mavuno huambatana na kipato cha msimu mzima.

Bei ya haki

Ushindani wa bei ndio unaowasukuma wengi katika kuzidisha mzigo. Nauli kutoka Jinja hadi Mbale inapaswa kufidia mafuta, uchakavu wa tairi, beringi na breki, muda wa kufunga na kukagua, bima, na safari ya kurudi ambayo mara nyingi huwa tupu. Lakini mteja hulinganisha kiasi kimoja tu cha mwisho, na anayepunguza bei hufidia kwa kuongeza mapipa, mifuko na watu juu ya mashine. Njia bora ya kupunguza gharama ni kutafuta mzigo wa kurudi, jambo linalowezekana kwa sababu misimu ya Busoga, yaani eneo la Jinja na Iganga, na ya milimani hailingani kabisa, na wenye pikapu wakiwa na ushirika wao wanaweza kupashana habari za mashine zinazohitaji kurudishwa.

Hatua nyingine hazihitaji mtaji mkubwa. Wenye maghala ya nafaka wenye mizani wanaweza kuruhusu matela kupimwa kwa ada ndogo. Mafundi wa kuchomelea wanaweza kupaka ubavuni mwa kila tela uzito wake tupu na uzito wa juu, na kukataa kuuza tela la zaidi ya kilo 750 bila breki, kiwango ambacho Umoja wa Ulaya umeshakifanya sheria. Wenye mashine nao waulize maswali matatu kabla ya kupatana bei: tela lina breki, lina namba yake, na mzigo una bima? Dereva asiyeweza kuyajibu hapaswi kupewa kazi, hata akiwa wa bei ya chini kuliko wote. Na kwa vyovyote vile, asiruhusiwe mtu yeyote kupanda juu ya mashine inayovutwa, kwani hakuna nauli inayolipia uhai wa tanboi, yaani msaidizi wa dereva.