MBWA AINGIE KILABUNI?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwenye karatasi ya somo aiweke mbele yake. Asiyeweza bado kusoma maneno yote asihangaike, nitasema polepole.

Leo tutazungumza juu ya mbwa. Hatutazungumza juu ya mbwa wa kuwinda wala mbwa wa kulinda mbuzi, bali juu ya yule mbwa anayemfuata bwana wake mpaka kilabuni, akalala chini ya benchi watu wakinywa. Swali letu ni hili: mbwa huyu aruhusiwe kuingia mahali pombe inapopikwa na kuuzwa, au akatazwe?

Najua wako watakaocheka na kusema, "Hilo nalo ni jambo la kufundishwa redioni?" Basi jueni kwamba hata serikali za nchi kubwa zimelitungia sheria jambo hili, nasi tutaziangalia mbele kidogo. Kwanza tuwasikilize wanaompenda mbwa wao, maana si haki kumhukumu mtu kabla hajasema.

Mwenye mbwa anasema hivi: "Kilabu kiko mbali na nyumba yangu. Nikirudi ni usiku, na njia ina giza. Mbwa wangu ndiye mlinzi wangu. Tena mimi sikumwita. Nimetoka nyumbani naye akanifuata. Nikimpiga mawe anarudi hatua kumi, kisha ananifuata tena." Maneno haya ni ya kweli. Mtu aliyekunywa akitembea peke yake usiku huweza kuibiwa au kuanguka mtaroni, na mbwa mwaminifu ni rafiki mwema kwa safari kama hiyo. Kwa hiyo anayetaka mbwa wakatazwe hana budi kuleta sababu kubwa kuliko hiyo.

Watu wengi hudhani sababu kubwa ni uchafu. Uchafu ni sababu kweli, walakini si ile kubwa. Tuuseme kwa ufupi.

Wapishi wa pombe wanajua kwamba katika namna nyingi za pombe yetu, uji hupikwa kwanza, halafu huachwa upoe, ndipo kimea hutiwa. Kimea hakitiwi katika uji unaochemka, kwa sababu moto mkali unakiharibu na pombe haitageuka. Maana yake ni kwamba baada ya kimea kutiwa, pombe hairudi motoni tena. Kitu kibaya kikiingia saa hiyo hakuna moto wa kukiua. Sasa mbwa akija akaingiza mdomo katika pipa, au akalamba kata iliyoachwa juu ya benchi, mnywaji atakunywa alichokiacha mbwa. Na mbwa hula nini njiani? Hamna haja ya kuambiwa na redio. Mbwa wengine wana minyoo, na mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi chao, yakashika katika manyoya na midomo. Iko minyoo ya mbwa ambayo mayai yake yakimezwa na mtu humfanyia uvimbe mkubwa wa maji katika ini au mapafu. Ndugu zetu wa Turkana, katika Kenya, wameujua ugonjwa huo kwa miaka mingi.

Huko pwani jambo hili halina mjadala mrefu. Wafuasi wa madhehebu ya Shafii hufundishwa kwamba mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Bila shaka wao watasema kwamba pombe yenyewe ni haramu, basi mbwa na wanywaji wakae huko huko. Lakini somo letu leo ni la mbwa.

Mbwa kilabuni ana adui pia, nayo ni pombe yenyewe. Pombe ni sumu kwake, wala si mchezo kummwagia katika sahani ili watu wacheke. Katika viwanda vya bia hutumiwa maua yaitwayo hopsi kwa kuleta uchungu, na makapi ya hopsi mbwa akiyala, mwili wake huweza kupata joto kali mpaka akafa. Wenye viwanda vidogo vya bia wanaofuga mbwa hupaswa kuyafunika makapi hayo.

Sasa tufike kwenye sababu kubwa, nayo ni kichaa cha mbwa.

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa unaoletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivi hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Akimwuma mtu huingia katika jeraha, kisha husafiri polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu, pengine hupungua ikawa siku chache, pengine huzidi. Wakati wote huo mtu hajisikii mgonjwa. Lakini vijidudu vikifika ubongoni, mtu akaanza kuogopa maji na kuweweseka, karibu kila mara hufa. Hakuna dawa ya kumrudisha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu kama 59,000 kila mwaka, karibu wote katika Asia na Afrika, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa.

Mtasema, "Mbwa huuma popote, mbona mnakisingizia kilabu?" Sikilizeni vizuri hapa, maana ndiyo shabaha ya somo.

Mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali na kutokwa povu. Mwingine hupooza. Huwa mnyonge, hujificha chini ya vitu, taya lake hulegea, miguu ya nyuma hukosa nguvu, naye huyumba. Mbwa wa namna hiyo akionekana shambani, watu hushtuka. Akionekana kilabuni, watu hucheka! Husema, "Mtazameni, amelamba machicha, amelewa." Mmoja humwita, mwingine humsukuma kwa mguu, mwingine hujaribu kumfungua mdomo kwa kuwa anadhani amekwamwa na mfupa. Dalili ya kifo imegeuzwa kichekesho, kwa sababu mahali pale kuyumba ni jambo la kawaida.

Tena, mbwa mzima naye hutaka adabu. Hapendi kukanyagwa mkia wala kutazamwa usoni na mtu asiyemjua. Mtu aliyekunywa husahau adabu hiyo. Humkanyaga, humkumbatia, humnyang'anya mfupa. Na wakikutana mbwa wawili chini ya meza moja hupigana, na mtu hutia mkono kuwaamua.

Halafu liko jambo la tatu, nami naliona kuwa baya kuliko yote. Mlevi akiumwa haoni uchungu. Hutazama alama ndogo ya meno, akaifuta kwa shati, akasema, "Si kitu," akaendelea kunywa. Asubuhi hakumbuki alipata wapi jeraha lile. Mkewe akimwuliza, "Baba watoto, mkono umefanya nini?" yeye hujibu kwamba alijikwaruza kwa mwiba. Jeraha linapona. Miezi miwili inapita. Ikiwa mbwa yule alikuwa mgonjwa, nafasi ya kumwokoa mtu huyu imekwisha kupita, na hakuna aliyejua.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, mbwa asiyechanjwa ana hatari popote, lakini kilabuni hatari yake inazidi, maana hapo watu hawawezi kumtambua mbwa mgonjwa wala kulikumbuka jeraha.

Wengine waliosafiri watanipinga. Watasema, "Mbona Uingereza mbwa hulala katika baa karibu na moto, na hakuna anayekufa?" Ni kweli. Kule sheria inakataza wanyama kufika mahali chakula kinapotayarishwa au kuwekwa, lakini upande wa wanywaji ni shauri la mwenye baa. Walakini ulizeni walifikaje hapo. Zamani Uingereza nayo ilikuwa na kichaa cha mbwa. Mwaka 1897 waziri aliyesimamia kilimo, Bwana Walter Long, alitoa amri kwamba mbwa wafungwe midomo wakiwa njiani. Wenye mbwa walikasirika sana. Lakini amri ilishikwa, na mbwa waliotoka nchi za nje wakawa wanatengwa kwanza. Mwaka 1902 ugonjwa ulikuwa umekwisha. Mwaka 1918 ukarudi katika mji wa Plymouth. Inasadikiwa uliletwa na mbwa aliyeingizwa kwa siri wakati askari walipokuwa wakirudi kutoka vitani. Ikawa kazi mpya mpaka mwaka 1922, ndipo ukaondoka tena. Hata baada ya hapo, mbwa wa kutoka nje walitengwa miezi sita, na sheria hiyo haikulegezwa mpaka mwaka 2000. Basi mbwa yule anayelala karibu na moto amelipiwa bei kubwa na watu wa zamani. Sisi tukitaka kuiga kulala kwake, tuanze kwa kuiga ile kazi.

Katika Marekani walichukua njia ya katikati. Jimbo la California lilitunga sheria mwaka 2014, nayo ikaanza kutumika mwanzo wa mwaka 2015. Mbwa anaweza kukaa na bwana wake nje, barazani, ikiwa mwenye mkahawa anakubali. Lakini apite mlango wa nje asikatize ndani, awe amefungwa kamba, asipande juu ya viti, na mtumishi anayemshika aoshe mikono kabla ya kugusa chakula. Mbwa anayemwongoza kipofu yeye ni mbali. Huyo anafanya kazi ya macho, na sheria ya nchi yao ya mwaka 1990 inampa kipofu haki ya kuingia naye ndani.

Mimi naona njia hiyo ya katikati yafaa kwetu, lakini kwa sharti moja zaidi, nalo ni chanjo. Mbwa asiingie kabisa panapopikwa wala panapouzwa pombe. Mwenye mbwa aliyechanjwa amfunge nje kwa kamba, penye kivuli, mbali na njia ya watu, na ampe maji. Akimaliza kunywa amfungue warudi pamoja. Hivyo mlinzi wake wa usiku anabaki naye. Asiyemchanja mbwa wake amfunge nyumbani kabla hajatoka. Na mama mwenye kilabu asione haya kusema, "Baba, karibu sana, lakini mbwa wako mfunge pale mtini kwanza." Mteja mwenye akili hatakasirika.

Chanjo hutolewa na Bwana Mifugo, ambaye siku hizi pengine ni Bibi Mifugo. Hurudiwa kila mwaka. Mara nyingi wataalamu hufanya kazi hiyo karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kupambana na kichaa cha mbwa duniani kote. Wataalamu husema kwamba katika kila mbwa 100, wakichanjwa 70, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Wale 30 waliobaki hukingwa na wenzao. Ni hesabu nzuri ya kufanya ubaoni: kijiji chenu kina mbwa wangapi, nao wangapi wamechanjwa?

Mtu akiumwa, au hata akikwaruzwa na meno, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni, kwa muda wa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi kuliko mnavyodhani; mwalimu atazame saa, mnyamaze wote mpaka zitimie dakika tano tu, mtaona. Asipakwe pilipili, wala mafuta, wala majani. Kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama amelewa. Wenzake wasiokunywa sana wampeleke. Huko atachomwa sindano siku kadhaa. Zamani sindano hizo zilichomwa tumboni, na watu waliziogopa. Siku hizi huchomwa begani. Mtu aliyezianzisha ni Mfaransa, Louis Pasteur, aliyemtibu mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, mwaka 1885. Mtoto yule alikuwa ameumwa mara nyingi, naye akaishi mpaka utu uzima.

Mbwa aliyeuma asipigwe akatupwa porini. Kama anaweza kufungwa bila kushikwa kwa mikono, afungwe na kutazamwa siku kumi, na Bwana Mifugo apewe habari. Lakini mgonjwa asingoje siku hizo kumi ndipo aende hospitali. Aende leo.

Sasa walimu, zimeni redio na mzungumze. Maneno ya kuandika ubaoni ni haya: kilabu, kimea, machicha, virusi, chanjo, jeraha. Aliye na mbwa aseme mbwa wake alichanjwa mwezi gani na mwaka gani, naye aandike tarehe hiyo katika daftari lake. Kisha jadilianeni: katika kilabu cha kwenu, ni nani mwenye haki ya kumwambia mzee wa mji atoe mbwa wake nje?