Sekunde Arobaini na Nane: Umuhimu wa Kupunguza Kasi katika Barabara za Vijijini

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mwenda pole hajikwai. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwasa mja asiwe na pupa katika shughuli zake. Ni nadra kuielekeza kwa dereva, ilhali dereva akijikwaa, anayeumia mara nyingi ni mwingine. Makala haya yanakusudia kufafanua kwa nini kikomo cha kasi katika barabara zinazopita katikati ya makazi ya vijijini hakina budi kuteremshwa hadi kilomita 30 kwa saa, na kwa nini kibao peke yake hakitoshi.

Sheria na hali halisi

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya vituo vya biashara, miji na manispaa. Kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, maarufu kama Sheria za Michuki, ziliyatia magari ya abiria vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Hatua hizi zilifaa, lakini barabara ya kijijini ina hali yake. Njia iliyokuwa ya vumbi na mashimo, ambapo gari lilijikokota lipende lisipende, hutiwa lami na ghafla ikawa nyepesi kwa mwendo. Maisha ya kando yake, hata hivyo, hayabadiliki. Watoto huifuata kwenda shuleni, mama mboga hupanga nyanya zake ukingoni, mbuzi huvuka wapendapo, na wazee husimama papo hapo kujuliana hali. Mara nyingi hakuna hata ujia wa waendao kwa miguu. Kasi ya 50 katika mazingira kama hayo ni kubwa mno.

Hesabu ya breki

Tangu dereva aone hatari hadi mguu wake ukanyage breki, hupita takriban sekunde moja. Katika sekunde hiyo, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husogea mita 14. Linalokwenda kilomita 30 husogea mita 8. Baada ya hapo, kwenye lami kavu, la kwanza huhitaji mita 14 nyingine ili lisimame, na la pili mita 5 tu. Jumla ni mita 28 kwa mita 13.

Natuchukue mfano wa mtoto anayekimbilia mpira na kutokea barabarani mita 13 mbele ya gari. Gari la kasi ya 30 litasimama mbele yake. Gari la kasi ya 50 litamfikia kabla breki hazijaanza kushika. Litamgonga kwa kasi yake yote. Fauka ya hayo, nishati ya gari huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo gari la kasi ya 50 hubeba nishati inayokaribia mara tatu ya lile la 30. Hapo hatujataja mvua, changarawe wala tairi lililoisha meno.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hueleza kuwa kila wastani wa kasi unapopanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kuua hupanda kwa takriban asilimia 4. Azimio la Stockholm la Februari 2020 nalo lilihimiza kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari huchangamana na watu.

Pingamizi

Wapo watakaosema kuwa agizo hili litawachelewesha wasafiri. Tupige hesabu. Kilomita moja kwa kasi ya 50 huchukua sekunde 72. Kwa kasi ya 30 huchukua sekunde 120. Tofauti ni sekunde 48. Huo ndio muda tunaouokoa tunapopita mbele ya nyumba za watu kwa kasi.

Pingamizi hizi haziko kwetu tu. Tarehe 17 Septemba 2023, Wales iliteremsha kikomo cha kawaida katika maeneo ya makazi kutoka maili 30 hadi maili 20 kwa saa, yaani takriban kilomita 32. Watu wapatao laki nne na elfu sabini walitia sahihi ombi la kuipinga sheria hiyo. Takwimu za polisi zilizofuata zilionyesha kuwa majeruhi wamepungua. Hata hivyo, mwaka 2024 serikali ilitoa mwongozo mpya ili mabaraza ya mitaa yaweze kurejesha kikomo cha awali katika baadhi ya barabara zinazofaa. Funzo ni kuwa barabara za makazi zibainishwe na zile za kupitia, na wananchi washirikishwe mapema.

Kibao na tuta

Kibao humshawishi dereva mwema tu. Dereva mwenye haraka huhitaji kitu kitakachomlazimisha: matuta yaliyojengwa kwa vipimo na kupakwa rangi, vivuko vilivyoinuliwa, na barabara iliyofinywa kidogo kwenye lango la shule. Kwa bahati mbaya, katika vijiji vyetu vingi tuta huja baada ya mazishi. Mtoto hugongwa, wanakijiji hufunga barabara kwa mawe na magogo, kisha ndipo tuta hujengwa. Matuta mengine wanakijiji huyajenga wenyewe kwa udongo usiku, bila ishara yoyote, nayo yakawa hatari kwa mwenye bodaboda.

Hitimisho

Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, barabara za kaunti ni jukumu la serikali za kaunti, na wananchi wana haki ya kushiriki katika maamuzi. Wengi wetu tunatoka vijijini na tutarudi huko kufundisha. Itakapotangazwa kwamba barabara ya kwetu itatiwa lami, tuhudhurie kikao na kuuliza maswali mawili: kikomo cha kasi kitakuwa kipi, na matuta yatawekwa wapi? Maswali hayo yaulizwe kabla ya lami kumwagwa, wala tusingoje msiba utuulizie.