Simu ndani ya kofia ngumu: tuwachagulie nini waendesha pikipiki wetu?

Makambako ni mji wa njia panda. Hapo barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia hukutana na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA nayo hupita hapo hapo. Malori ya mbao, ya viazi na ya makaa ya mawe yatokayo Ruvuma hupishana usiku na mchana, na bodaboda hupenya katikati yake. Katika vijiwe vya mji huo, kama ilivyo Njombe mjini, lipo jambo ambalo mpita njia huliona bila ya kuuliza: kijana amevaa kofia ngumu, na kati ya shavu lake na sponji ya kofia amesokomeza simu. Anazungumza na mtu wa mbali, na mwendo haupungui.

Tumeona ni vyema ukurasa huu wa familia ulizungumzie jambo hili, kwani mara nyingi wapigaji wa simu hiyo ni sisi wenyewe. Ni mama anayeuliza mwanawe amefika wapi, ni mke anayekumbusha unga, ni baba anayetaka kujua hesabu ya siku. Hatupigi kwa ubaya. Lakini tunampigia mtu aliyepanda magurudumu mawili, na nyuma yake lipo lori.

Kofia kwanza, sauti baadaye

Kofia ngumu hufanya kazi kwa sehemu mbili. Gamba la nje huusambaza mshindo, na povu gumu la ndani hubonyea ili kishindo kisifike kwenye ubongo. Hayo huwezekana pale tu kofia inapokibana kichwa sawasawa na mkanda wa kidevuni umefungwa. Tafiti zilizokusanywa zimeonesha kuwa kofia hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Simu iliyosokomezwa huipinda kofia, huilegeza, na huweka kitu kigumu karibu na paji na sikio. Faida ile tuliyoinunua tunaiharibu kwa mikono yetu.

Kwa hiyo familia yenye fedha ya kitu kimoja tu, inunue kofia nzuri. Chombo cha mawasiliano ni cha pili.

Vyombo vilivyopo

Vipo vya aina tatu. Vya kwanza ni visikizi vya waya au visivyo na waya vinavyoingizwa ndani ya sikio. Ni rahisi kupatikana, lakini huziba sikio, na mwendeshaji asiyesikia honi ya lori amepungukiwa na mlinzi mmoja. Vya pili ni spika nyembamba za Bluetooth zinazobandikwa ndani ya kofia, mkabala wa masikio, pamoja na kipaza sauti kidogo mbele ya mdomo. Hizi huliacha sikio wazi. Vya tatu ni seti kamili, kama zile za kampuni ya Sena ya Korea Kusini, ambazo humwezesha mwendeshaji kuzungumza na abiria wake au na waendeshaji wenzake bila ya kupitia mtandao wa simu. Seti hizo ni ghali, na humfaa zaidi anayesafiri safari ndefu pamoja na wenzake. Kwa kijana wa bodaboda mjini, aina ya pili yamtosha.

Yapo mambo ya kuangalia kabla ya kulipa:

Mosi, unene wa spika. Kofia nyingi zina vishimo vya masikio chini ya kitambaa. Spika na iingie humo. Ikiwa ni lazima povu likatwe au gamba litobolewe, kiacheni chombo hicho.

Pili, kipaza sauti. Kofia inayofunika uso wote hutaka kile kidogo kinachobandikwa ndani ya kidevu. Kofia iliyo wazi mbele hutaka chenye mkono na sifongo ya kuzuia upepo, la sivyo wa upande wa pili atasikia mvumo tu.

Tatu, vitufe. Njombe iko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, na mwezi wa Juni na Julai hakuna aendeshaye bila ya glovu. Kitufe kiwe kikubwa, kitambulike kwa kidole kilichovikwa.

Nne, maji na baridi. Alama ya IP67 maana yake chombo hakipitishi vumbi na huvumilia kuzama majini kwa muda mfupi. Betri za lithiamu nazo hupungua nguvu kwenye baridi kali, basi chaji ya asubuhi isitegemewe kufika jioni kama ifikavyo Dar es Salaam.

Tano, mjaribu akiwa na kofia yake mwenyewe dukani, aulize kama kinarudishwa kikiwa kibovu.

Sikio nalo ni amana

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa saa 40 kwa wiki bila ya madhara, lakini ya desibeli 90 ni saa 4 tu. Upepo ndani ya kofia kwenye barabara kuu peke yake waweza kuzifikia desibeli hizo. Anayepandisha muziki ili aushinde upepo anaongeza madhara juu ya madhara.

Tena, chombo kizuri hakimfanyi mtu kuwa na akili mbili. Shirika hilo hilo linasema dereva anayetumia simu yumo katika hatari ya ajali mara 4 zaidi, na kwamba kutoishika kwa mkono hakuleti nafuu kubwa. Chombo kitumike kusikia kuwa simu inaita, au kuelekezwa njia. Mazungumzo yasubiri pikipiki isimame.

Makubaliano ya nyumbani

Hapa ndipo kazi yetu sisi tulio nyumbani ilipo. Tukubaliane na vijana wetu kuwa simu ikiita mara moja na kukatika, ataegesha na kupiga. Swala ya Adhuhuri na ya Alasiri humpa mwendeshaji vituo viwili vya mchana; habari zisizo za dharura zingoje hapo. Na katika Ramadhani, karibu na Magharibi, wakati kila mmoja anakimbilia futari, tujizuie kabisa kumpigia aliye njiani.

Tuseme naye pia kabla hajatoka: unga, sukari, dawa ya mtoto, vyote viandikwe kwenye karatasi asubuhi. Karatasi hiyo haina betri, na haimwiti mtu akiwa kwenye kona.