Mahojiano ya kazi ya hifadhidata: wanaokuhoji wanapima nini?

Tangu Kepler ifungue tawi lake katika kambi ya Kiziba mwaka 2015, vijana wakimbizi wenye shahada wamekuwa wakitafuta kazi za kompyuta Kigali. Wengi, wakiitwa kwenye mahojiano ya kazi ya hifadhidata, hujiandaa kwa kukariri maana za maneno. Maana hizo ziko kwenye intaneti, kwa hiyo anayejua kuhoji haziulizi sana. Hukupa majedwali mawili na tatizo dogo.

Tuchukue mfano wa kambini. Jedwali la kwanza lina familia zote zilizoandikishwa. La pili lina namba za familia zilizopokea msaada wa mwezi huu. Ni familia zipi bado?

Ukiunganisha majedwali kwa JOIN ya kawaida, utapata zilizopokea tu, yaani zile ambazo hukuulizwa. LEFT JOIN hubakiza familia zote, kisha unachuja zisizo na mstari wowote katika jedwali la pili. Mwingine huandika NOT IN, na jibu huonekana sawa, mpaka aulizwe: je, kama katika jedwali la pili kuna mstari mmoja ambao namba ya familia haikujazwa? Hapo SQL hairudishi familia hata moja. Kwake nafasi tupu maana yake ni "haijulikani", na haiwezi kuthibitisha kwamba familia yako siyo hiyo isiyojulikana. Orodha inatoka tupu, ofisi inadhani wote wamepokea, na mama aliyepanga foleni tangu asubuhi anarudi nyumbani mikono mitupu.

Ndiyo maana swali hili hupima zaidi kuliko kukariri. Fikiri kwa sauti. Uliza kama familia moja inaweza kuonekana mara mbili, au kama kuna nafasi tupu. Kuuliza hivyo hakukupunguzii alama, mara nyingi hukuongezea. Usipojua, sema hujui, kisha eleza ungejaribu nini.

Utaulizwa pia kuhusu fahirisi (huharakisha kutafuta, lakini huchelewesha kidogo kuandika) na nakala za akiba. Hapa swali zito ni kama umewahi kurejesha data kutoka kwenye nakala hizo. Fanya zoezi hilo nyumbani: PostgreSQL na MySQL hupatikana bure na zinafanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani.

Sheria ya Rwanda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, hivyo nenda na kitambulisho chako cha ukimbizi. Usiende na data halisi za watu ulizozipata kazini kwako pa zamani ili kuonyesha ujuzi. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 inalinda taarifa binafsi, na anayehoji akiona majina ya watu kwenye kompyuta yako, atajiuliza utazifanyia nini data zake. Tengeneza majina ya kubuni.