Mkono wa Mtoto kwenye Sinia la Visheti

Siku chache kabla ya Idi, katika nyumba nyingi za Unguja, Mombasa na Lamu, unga wa ngano hukandwa kwa samli na chumvi kidogo, ukakatwa madonge madogo, kila donge likabanwa mgongoni mwa uma au kwenye chujio lipate mistari, kisha likakunjwa mfano wa kombe la pwani. Hapo ndipo visheti vinapoanzia, kabla ya mafuta na shira. Kazi ya kubana na kukunja ni ndefu lakini haitaki nguvu, na kwa desturi hufanywa na kina mama waliokaa mkekani pamoja na watoto wao, hata wa miaka minne au mitano. Anayepita na kutupa jicho atasema mtoto amepewa donge ili asisumbue. Hoja yangu ni kwamba donge lile lina uzito zaidi ya hapo. Kutengeneza vitafunwa pamoja na mtoto ni mlango ambao jamii ya pwani humwingizia mdogo katika wajibu wa nyumba na wa ujirani, na mlango huo hufunguka kwa sababu anachokitengeneza huliwa kweli, tena na watu wa nje ya nyumba yake.

Ushahidi wa kwanza umo katika mgawanyo wenyewe wa kazi. Karibu kila kitafunwa cha pwani kina hatua inayomfaa mdogo. Vitumbua huanza kwa mchele kuchaguliwa, kisha kulowekwa usiku kucha kabla ya kusagwa pamoja na tui la nazi. Kutoa chuya na vijiwe ni kazi ya vidole vyembamba na macho makali. Iliki ya mahamri na kashata humenywa maganda, punje zikatwangwa katika kinu kidogo. Mahamri yakishasukumwa na kukatwa pembe tatu, mtoto huyapanga juu ya kitambaa kilichonyunyizwa unga ili yaumuke bila kugandana. Katika yote haya hakuna anayemtolea mhadhara. Hutazama, hujaribu, akikosea huelekezwa mkono, na msimu ukirudi hupewa hatua iliyo mbele kidogo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Barbara Rogoff, aliyechunguza kwa miaka mingi maisha ya watoto wa Kimaya nchini Guatemala, ameonyesha kwamba katika jamii nyingi watoto hujifunza kwa kuwatazama wakubwa na kuingia nao kazini, bila somo lililotengwa na maisha. Mkeka wa visheti ni darasa la namna hiyo, na lilikuwapo kabla ya wataalamu kuandika habari zake.

Ushahidi wa pili uko mlangoni, si jikoni. Katika Ramadhani, jua likielekea kuzama, sahani zilizofunikwa kawa huvuka vichochoro kutoka nyumba hii kwenda ile, na wabebaji wake ni watoto. Kaimati za nyumba moja hukutana na sambusa za nyumba nyingine, na adabu inataka sahani ya jirani isirudi tupu: leo au siku nyingine, itatiwa chochote kilichopo. Mtoto aliyebeba sahani yenye visheti alivyovikunja mwenyewe anabeba pia jina la nyumba yao. Hubisha hodi, hungoja kukaribishwa, humwamkia mwenye nyumba shikamoo, husema ametumwa na mama, kisha hurudi na salamu. Mambo haya yanaweza kuelezwa kwa maneno, lakini maneno humpitia mtoto kama hana kitu mkononi kinachomlazimu kuyatenda. Ndiyo maana kisheti kilichopinda cha mtoto hakitengwi. Huingia sinia moja na vya wakubwa, hukaangwa na kutiwa shira pamoja navyo, na mgeni wa Idi hukila. Kingetengwa, mtoto angejua mara moja kwamba alikuwa anachezeshwa.

Yapo pia mafunzo ya akili, ingawa si vizuri kuyakuza kupita kiasi. Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, alikuwa akiwaonyesha watoto madonge mawili ya udongo yaliyo sawa, kisha akilirefusha moja mbele ya macho yao. Watoto wengi walio chini ya miaka saba hivi husema udongo umebadilika kiasi. Swali hilo hilo la kiasi hutokea kila donge la unga linapobanwa likawa bapa, au nazi moja iliyokunwa inapojaza bakuli. Sidai kwamba visheti humfanya mtoto awe bingwa wa hesabu. Ninachosema ni kwamba vikombe viwili, vijiko vitatu na kungoja unga uumuke ni vipimo vyenye matokeo. Akizidisha maji, donge humnata vidoleni. Akiharakisha hamira, hamri hubaki zito. Unga humsahihisha bila kumkaripia.

Pingamizi la kwanza ni zito: jikoni kuna hatari. Mafuta ya kukaangia hufika kiasi cha nyuzi 180, maji yanayochemka ni nyuzi 100 tu, na sukari iliyoyeyuka ya shira au kashata hunata mwilini huku ikiunguza. Jiko la mkaa hukaa chini, sawasawa na kimo cha mtoto. Mwenye kusema kwamba watoto wa zamani walizoea moto anasahau makovu. Lakini hatari hii inatuonyesha mahali pa kuweka mpaka. Kuchagua, kumenya, kubana, kukunja na kupanga ni kazi za kabla ya moto, na mkeka unaweza kutandikwa mbali na jiko. Kukaanga na kuchemsha shira ni kwa mtu mzima peke yake. Vivyo hivyo karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa maana zinaweza kumkaba.

Wengine wataona hapa utumikishaji uliovikwa kanzu ya mila. Wana sababu, kwani watoto wanaotembeza vitumbua na bajia mitaani saa za shule wapo. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa kuajiriwa, na utengenezaji wa vitafunwa hauna msamaha. Kipimo cha kutofautisha si kigumu: mtoto anaweza kuacha akichoka, hapotezi masomo, na riziki ya nyumba haining'inii kwenye kasi ya vidole vyake. Pasipo masharti hayo, ile si desturi ninayoitetea. Wala siitetei sehemu yake inayomwondoa mvulana mkekani akishakua kidogo na kumbakiza dadake. Pwani yenyewe inaipinga: wanaopika usiku katika bustani ya Forodhani, Unguja, wengi ni wanaume, na masufuria makubwa ya pilau ya harusi mara nyingi husimamiwa na wanaume. Mkono wa mwanamume unaofaa kwa sufuria la watu 300 hauwezi kuwa haufai kwa kisheti.

Yabaki mawili, muda na sukari. Mzazi anayetoka Mbagala au Likoni kabla ya jua kuchomoza hana saa ya kusaga mchele, na vitumbua vya mama wa mtaani ni vitamu. Kununua hakuvunji mila. Mtaa wa pwani una wachuuzi wa vitafunwa tangu zamani. Visheti havikuwa vya kila siku, na hilo linajibu pia suala la sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isifike asilimia 10 ya nishati anayokula mtu kwa siku, ushauri unaowahusu watoto pia. Mtoto aliyeona kikombe cha sukari kikimiminwa katika shira anajua kilichomo; aliyefungua pakiti hajui. Kwa siku za kawaida, muhogo, viazi vitamu na ndizi hutoa kazi ya kuosha, kumenya na kupanga bila chembe ya sukari ya kuongezwa.

Kwa hiyo, nyumba iliyozoea kununua vitafunwa vyote vya Idi haina haja ya kurudi nyuma kwa kila kitu. Kilo moja ya unga, alasiri moja na mkeka mmoja vinatosha. Lakini atakayefanya hivyo asiishie kwenye kukanda na kukunja. Ampe mtoto sahani, amtaje jirani wa kupelekewa, na amwache abishe hodi mwenyewe, kwa kuwa nusu ya desturi imo katika safari hiyo.