Udaga: Kimeng'enya Kinachomtangulia Mpishi

Kiangazi kikishika, majabali ya Kigera, Musoma, mkoani Mara, huonekana meupe kwa mbali. Ni udaga: vipande vya muhogo vilivyovundikwa siku kadhaa, vikakwanguliwa kuvu, na sasa vimeanikwa juani vikisubiri kupelekwa mashineni. Mgeni hukunja pua kwa ule uchachu. Wenyeji wa Musoma wanajua kwamba harufu ile ni dalili ya kazi iliyokamilika, ila wachache wameelezwa ni nani aliyeifanya.

Ukitaja vimeng'enya, wengi hufikiria mate, tumbo na kongosho: amilesi ikikata wanga wa ugali, pepsini ikikata protini ya samaki. Hayo darasani yalishasemwa. Lakini mlaji wa ugali wa muhogo anategemea kimeng'enya kingine, kilichoanza kazi siku nyingi kabla tonge halijafinyangwa, na hakikutoka mwilini mwake. Kimo ndani ya muhogo wenyewe. Kinaitwa linamaresi.

Muhogo mchungu hutengeneza kemikali iitwayo linamarini, yenye sianidi iliyofungwa pamoja na sukari. Katika kila seli, linamarini imehifadhiwa kwenye kifuko cha katikati, na linamaresi imekaa kwenye ukuta. Muhogo ukiwa mzima, hivyo viwili havikutani kamwe. Nyani au nguruwe pori akiung'ata, seli zinapasuka, kimeng'enya kinaivamia linamarini na kuikata. Sukari inaachwa pembeni, sianidi inafunguliwa, na mwizi anaonja uchungu wa kumfukuza. Ndiyo maana mkulima aliyezungukwa na wanyama waharibifu huupenda muhogo mchungu, hata kama mjini wanausema vibaya.

Silaha hiyo hiyo ndiyo njia ya kuusafisha. Sianidi iliyofunguliwa huchemka na kuwa mvuke kwenye nyuzi joto 26 hivi, joto la kawaida kabisa kando ya Ziwa Victoria. Mpishi hana haja ya kuiondoa kwa nguvu. Akishavunja seli na kukipa kimeng'enya muda, jua na upepo vinaibeba.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, kwa kudhani kwamba moto ndio unaoua sumu. Linamarini inastahimili maji yanayochemka. Kinachokufa sufuriani ni linamaresi. Anayetumbukiza vipande vikubwa vya muhogo mchungu kwenye maji ya moto amemuua msaidizi wake na kuiacha sumu salama salimini. Hata kuanika peke yake hakutoshi, kwa kuwa kipande kinakauka kabla kimeng'enya hakijaifikia linamarini yote.

Kuvundika kunaziba pengo hilo. Muhogo uliomenywa hurundikwa na kufunikwa kwa majani au magunia, na kuvu huota na kulainisha nyama yake. Vimelea hivyo vinabomoa kuta za seli, na linamaresi inapata njia. Mama mzoefu hahesabu siku tu. Anachukua kipande na kukibonyeza kwa kidole gumba: kikibonyea na kumeguka, kiko tayari, kikigoma, kinarudi chini ya magunia.

Mkoa wa Mara unajua gharama ya kuzifupisha siku hizo za kuvundika. Mwaka 1985, ukame ulipoikaba Wilaya ya Tarime, watu waliamka wakakuta miguu yote miwili imekakamaa, na haikurudi tena kuwa kama zamani. Madaktari na watafiti William Howlett, Glen Brubaker wa Shirati, Nicholas Mlingi na Hans Rosling waliuchunguza ugonjwa huo na kuueleza katika jarida la Brain mwaka 1990. Ni konzo, jina la Kiyaka cha Congo lenye maana ya miguu iliyofungwa, ambalo daktari Trolli aliliandika kitabibu mwaka 1938. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, pale muhogo mchungu ulioandaliwa haraka haraka unapokuwa karibu chakula pekee.

Maneno "chakula pekee" yana uzito wake. Sianidi kidogo ikifika mwilini, ini lina kimeng'enya chake cha kupambana nayo, rodanesi, ambacho Mjerumani Konrad Lang alikieleza mwaka 1933. Rodanesi huibandika sianidi salfa, ikageuka kitu chenye madhara madogo zaidi, na figo zikakitoa kwa mkojo. Salfa hiyo hutoka kwenye protini, na muhogo una protini kiduchu. Samaki anayo tele. Kwa hiyo dagaa kando ya ugali wa udaga si kitoweo tu. Ndiyo malighafi ya ini.

Basi inauma kuona magunia ya dagaa yakipakiwa kwenda kuwa chakula cha kuku, ilhali katika kaya za ufukweni ambako dagaa hao walivuliwa kuna watoto wanaokula ugali kwa mlenda mtupu. Inauma pia kusikia muhogo mchungu ukilaumiwa na kutakiwa ung'olewe, kana kwamba kosa ni la mmea na si la njaa na haraka. Maarifa ya kuvundika yangestahili nafasi kwenye vitabu vya sayansi vya shule za Mara, kando ya mchoro wa kongosho.

Kwa unga ambao umeshasagwa na una mashaka, ipo njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia na kutumika katika vijiji vya Popokabaka, Congo. Unga huwekwa kwenye bakuli, kimo chake kikatiwa alama, kisha maji yakamiminwa huku ukikorogwa. Kwanza unashuka, halafu unapanda tena hadi kwenye alama. Hapo maji yanatosha. Hutandazwa mwembamba juu ya mkeka, saa mbili juani au tano kivulini, na kusongwa ugali siku hiyo hiyo. Linamaresi iliyolala ndani ya unga huamka na kumalizia kazi. Kiwango salama kilichowekwa kimataifa ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo ya unga.

 Majani ya muhogo nayo ni kisamvu, chenye linamarini nyingi kuliko mzizi, na ndiyo maana hutwangwa kinuni kabla ya kubandikwa jikoni.