Fahamu: Kwa nini fundi huchukua advansi kisha hutoweka

Umelipa nusu ya gharama za kubadilisha paa, mabati ya zamani yameshashushwa, na simu ya fundi haipatikani. Mara nyingi si wizi wa kupanga: advansi yako imemalizia kazi ya mteja wa jana, na kazi yako inasubiri advansi ya mteja wa kesho. Kwa hiyo, nunua vifaa mwenyewe, ufundi ulipe kwa hatua.

Nchini Tanzania, makandarasi husajiliwa na bodi yao, CRB, chini ya sheria ya 1997. Fundi wa mtaani, yule aitwaye “fundi maiko”, kwa kawaida hayumo kwenye usajili huo. Hata hivyo, makubaliano ya mdomo nayo yaweza kuwa mkataba. Kigumu ni ushahidi. Usifute ujumbe wa muamala: sheria ya 2015 inaruhusu mahakama kupokea ushahidi wa kielektroniki.